Otenyo, Nyarigoti na Gazeti la Leo

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu nchini Kenya anajua kutaja. Mwulize sababu tano zilizowafanya Abagusii wapinge utawala wa Waingereza, atakupa tano, na ukimwacha ataongeza ya sita. Ndivyo mtihani wa KCSE wa Historia na Serikali ulivyomlea: Sehemu A alama 25, Sehemu B alama 45, Sehemu C alama 30, saa mbili na nusu, na anayeujua mwongozo wa kusahihisha ndiye bingwa. Sina ugomvi na mtihani huo. Umewafikisha wengi mbali. Lakini mpe mtoto huyohuyo muhula mzima na umwambie aandike utafiti wa kurasa nane. Atakuletea "Historia ya Abagusii kutoka Misri hadi leo", imenakiliwa kitabuni mpaka makosa ya chapa.

Kosa si lake. Tangu aanze shule hajawahi kuulizwa swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake. Sasa mambo yanabadilika kwa nguvu. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari ya juu, na wanaofuata mkondo wa Sayansi za Jamii wanaweza kusoma Historia na Uraia, huku KCSE ya mwisho ikingojewa 2027. Mtaala mpya unasifu uchunguzi. Kusifu ni rahisi. Mwalimu wa hapa kwetu Mosocho, Kisii, mwenye darasa lililojaa na maktaba ya rafu mbili anataka kujua Jumatatu asubuhi aanzie wapi.

Mimi huanza kwa kukata mada. Mwanafunzi akija na "Ukoloni Gusii", namuuliza: mwaka gani? Akisema 1908, namuuliza: wapi? Akisema Kitutu, namuuliza: nani asema? Tukifika hapo swali huwa limeanza kufanyika: ripoti za serikali na masimulizi ya Kitutu zinatofautiana wapi kuhusu Januari 1908, na kwa nini? Hilo linaenea kurasa nane. Lina pande mbili, lina vyanzo, na anayeuliza analala juu ya ardhi yenyewe, kwa maana Mosocho iko Kitutu.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mwaka 1905 askari wa Waingereza waliishambulia Kitutu na kuua watu wengi. Mwaka 1907 serikali ikafungua kituo mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, kikawekwa chini ya afisa kijana, Geoffry Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Januari 1908 Mgusii mmoja, Otenyo Nyamaterere, akamchoma mkuki. Northcote aliumia lakini akapona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong, 1937 hadi 1941. Simulizi humtaja mwanamke mwonaji, Moraa Ngiti, kuwa ndiye aliyemtia Otenyo ari. Serikali ikarudi na askari: nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa, watu wakauawa. Otenyo naye akakamatwa na kuuawa.

Hapo wanafunzi wengi huweka kalamu chini, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Chukua taarifa ya simu iliyotumwa London mwishoni mwa Januari 1908 kueleza matokeo ya operesheni. Inaanza na ng'ombe, zaidi ya 5,000. Inafuata na kondoo na mbuzi, zaidi ya 3,000. Ndipo inakuja kwa watu: Abagusii 100 wameuawa. Upande wa serikali, hakuna aliyedhurika. Huiandika ubaoni kwa mpangilio huohuo, nikanyamaza. Darasa likiwa hai, mtu mmoja atauliza kwa nini ng'ombe wametangulia. Mwingine atauliza vita gani hivi ambavyo upande mmoja unapoteza watu mia na mwingine haupotezi hata mmoja. Mtoto wa mfugaji atauliza ni nani aliyewahesabu mbuzi. Maswali hayo matatu yana uzito kuliko kurasa nyingi za kitabu cha kiada, kwa sababu yanamtazama mwandishi wa taarifa: anamwandikia nani, anataka asifiwe kwa lipi, na anahesabu nini kwa makini.

Hesabu hizo zilimfikia Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri wa makoloni. Miezi michache kabla yake alikuwa amepita Kisumu akielekea Uganda, kwa hiyo nchi hii hakuisoma kwenye ramani tu. Aliandika kulalamikia ukubwa wa mauaji yale. Wanafunzi wakisikia hivyo hugawanyika: wengine humfanya shujaa, wengine humfuta kwenye rasimu kwa kuwa anawaharibia hoja. Nawakatalia wote. Afisa anaweza kulalamikia idadi ya waliokufa bila kutilia shaka haki ya dola yake kuwapo pale, na mtafiti anayejua kuyabeba yote mawili katika aya moja amekua.

Barua za serikali za wakati huo ziko Kew, kusini-magharibi mwa London, katika mafaili ya Ofisi ya Makoloni. Huko hatufiki. Tunakoweza kufika ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la benki, ambako kuna ripoti za kila mwaka za wilaya, za Kavirondo Kusini zikiwemo. Safari ya Nairobi kwa darasa zima ni ndoto, najua. Mwalimu mmoja akienda likizoni, akalipa ada ya kibali na kurudi na nakala za kurasa chache, darasa lina kazi ya muhula. Vitabu navyo vipo: William Ochieng' aliandika historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, na Robert Maxon akaandika kuhusu Abagusii na Waingereza kuanzia 1907 hadi 1963. Hao ni wanahistoria waliovisoma vyanzo na kuvipima. Wanafunzi wawasome kwa heshima, kisha waangalie walichotegemea.

Upande wa pili ni wazee, na hapa shule zetu zina utajiri ambao shule za mijini zinauonea wivu. Likizo ya Agosti inatosha. Ila mwanafunzi asiende na swali kama "Je, ni kweli wazungu walikuwa wakatili?" Hilo limeshajijibu. Aketi, aamkie kwa Ekegusii, "Bwakire, baba", anywe chai atakayopewa, halafu aulize: "Ulisikia nini kuhusu Nyarigoti, na ni nani aliyekusimulia?" Nusu ya pili ya swali ndiyo muhimu. Mzee wa miaka 80 hakumwona Otenyo. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1940. Anachokijua amekipata kwa baba, kwa nyanya yake, kanisani, au siku hizi kwa redio. Mlolongo huo uandikwe daftarini kama unavyoandikwa ukurasa wa kitabu. Na mwanafunzi akiulizia habari za "Northcote" anaweza kurudi mikono mitupu kwa mama ambaye maisha yake yote amelisikia jina la Nyarigoti tu.

Miaka nayo haiulizwi hivihivi. Ni wachache watakaokwambia jambo lilitokea 1931. Wengi watakwambia lilitokea nzige walipokuja, au wakati wa Hali ya Hatari, au "nikiwa sijaolewa". Kazi ya kugeuza maneno hayo kuwa tarehe ni ya mtafiti, na akishindwa aandike muda wa kukisia na aeleze alivyokisia.

Masimulizi yatagongana. Huyu atasema Moraa alikuwa na udugu wa hivi na Otenyo, yule atakataa. Mmoja atasema Otenyo alipigwa risasi, mwingine atakuwa na kifo kingine kabisa. Mwanafunzi aliyezoea mwongozo wa kusahihisha hushtuka hapo, anataka nimwambie lipi sahihi. Simwambii. Namtuma atengeneze jedwali la nani alisema nini na alikitoa wapi, na mara nyingi jedwali humwonyesha kwamba watu watatu waliokubaliana walilisikia jambo kutoka kinywa kimoja. Mashahidi watatu wamekuwa mmoja.

Nitaje pia Sakawa, mwonaji wa Nyakoe, anayesemekana kuwa alitabiri ujio wa wazungu na hata mahali mji wao utakapojengwa. Watoto hupenda kumtumia kama ushahidi wa yaliyotokea. Utabiri ulioandikwa baada ya mji kusimama hautuambii mengi kuhusu siku ulipotamkwa. Unatuambia mengi kuhusu watu walioukumbuka: wafuasi wa Mumbo, dini iliyozuka Nyanza mwaka 1913 na kuingia Gusii, walikuwa na sababu zao za kushikilia jina la Sakawa. Chanzo kinaweza kuwa dhaifu kwa swali moja na kikawa na nguvu kwa jingine.

Sasa habari za leo. Nyingi ya tafiti nzuri nilizoziona zilianzia gazetini au kwenye redio, na sioni ubaya. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya kati ya Oktoba na Novemba 2023 alizungumza kwa masikitiko juu ya maovu ya ukoloni bila kuomba radhi rasmi, na madai ya kurudishwa kwa mabaki ya mashujaa yakapamba moto. Wanandi wanadai kichwa cha Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyeuawa Oktoba 1905. Fimbo zake zilirudishwa 2006. Huku kwetu husemwa kwamba kichwa cha Otenyo nacho kilipelekwa Uingereza. Mwanafunzi anaweza kuanzia hapo, na swali lake lisiwe kama kichwa kirudi. Liwe: habari hii imetoka wapi? Achukue kila makala anayoipata na atafute iliyoitangulia, na iliyoitangulia hiyo, mpaka afike kwenye mtu aliyeona, au kwenye karatasi, au kwenye ukuta. Akifika ukutani asione haya. Aandike kwamba ameishia hapo.

Habari moto zina hatari yake. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, nusu ya darasa ilitaka kuandika juu ya Gen Z, vijana walioyaongoza, na kila mmoja alikuwa na ulinganisho mkononi: kodi ya vibanda ya mkoloni na ushuru wa leo. Ulinganisho huo unavutia, ndiyo maana unahitaji kuchunguzwa. Aliyedaiwa kodi ya kibanda enzi zile hakuwa na mbunge wala katiba ya kushika mahakamani. Mkenya wa 2024 alikuwa na Katiba ya 2010 inayotaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi kama watu bado walihisi hawakusikilizwa, hilo ni swali tofauti na lenye uzito zaidi kuliko "historia imejirudia", sentensi ambayo naikata kwa kalamu nyekundu kila ninapoiona.

Tena habari huchacha. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa kinyume cha katiba. Mwanafunzi aliyekata kipande cha gazeti siku hiyo akakibandika daftarini alikuwa na ukweli wa miezi mitatu: tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo kila kipande kiwe na tarehe, na kabla ya kukabidhi kazi kila kipande kifuatiliwe tena. Gazeti na taarifa ya simu ya 1908 ni ndugu. Vyote viliandikwa na mtu mwenye haraka, kwa ajili ya msomaji fulani, kabla mambo hayajaisha.

Kwa mazoezi ya kupima tarehe hakuna haja ya kwenda mbali. Shule ya Upili ya Cardinal Otunga iko papa hapa Mosocho. Maurice Otunga alikuwa askofu wa Kisii kuanzia 1960 hadi 1969, na akafanywa kadinali 1973, wa kwanza kutoka Kenya. Namuuliza mwanafunzi: ukiletewa cheti kinachodaiwa kuwa cha 1966 na juu yake pameandikwa "Kadinali Otunga", utasemaje? Wepesi hucheka mara moja. Wengine hupiga hesabu kwenye vidole, na wao ndio hawasahau tena.

Kuhusu simu na mashine zinazojibu kila kitu: shuleni simu ni marufuku, lakini likizo ni ndefu na saiba ziko kila kona. Sipotezi muda kufukuzana na wanaonakili. Ninamwita mwandishi mezani na daftari lake la uwandani, namwambia: nionyeshe uliposikia hili. Aliyekwenda kwa mzee atakueleza hata mvua iliyonyesha siku hiyo. Asiyekwenda hutazama dari.

Kuandika kwenyewe hakuna miujiza. Rasimu ya kwanza huwa mbovu, na iwe hivyo. Ya pili ndiyo naisoma. Tanbihi ziwe sahili: nani, wapi, lini. Katika kurasa nane nataka angalau ukurasa mmoja ambamo mwandishi anaeleza chanzo alichokikataa na sababu yake, kwa mfano mzee aliyesimulia vizuri mno mambo ambayo kumbe aliyasikia redioni wiki iliyopita, au ripoti ya wilaya iliyosifu utulivu mwaka uleule iliporekodi nyumba zilizochomwa. Kati ya alama 30 ninazotoa, ukurasa huo peke yake una 10, na wanafunzi wakishalijua hilo huacha kuniletea hadithi za Misri.