Leza na mguu wa matende: nini hasa kinachojulikana

Mtu anayeishi Muscat au Minneapolis akipigiwa simu na shangazi yake wa Bagamoyo, akaulizwa kama ile taa nyekundu ya leza inayotangazwa mitandaoni inaweza kuupunguza mguu wa matende, anadaiwa jibu refu kuliko "ndiyo" au "hapana". Anayeuliza amechoka na maumivu, na fedha ya kununulia kifaa ni ya jasho.

Pwani yote, kuanzia Bagamoyo, Saadani na Pangani hadi Tanga, imeishi na matende vizazi na vizazi. Anayeambukiza ni mbu, akiwemo yule wa malaria na yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo. Humwachia mtu vibuu vya mnyoo uitwao Wuchereria bancrofti, navyo hukomaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Mishipa hiyo ikishatanuka na kulegea, maji hutuama mguuni. Kwa wanaume hujaa pia kwenye mfuko wa korodani, likawa busha.

Lakini mbona mguu huzidi kunenepa hata miaka mingi baada ya minyoo kufa? Ni kazi ya bakteria. Ngozi iliyojaa maji hupasuka, hasa katikati ya vidole, na kwa mvuvi au mama mkulima wa mwani wa Mlingotini, ambaye miguu yake hushinda majini, mipasuko hiyo haipati nafasi ya kufunga. Homa hupanda, mtoki hutoka kinenani, mguu huwaka moto, kazi husimama siku kadhaa. Kila homa ya namna hiyo huiharibu zaidi mishipa iliyosalia na kuikakamaza ngozi, kwa hiyo inayofuata hupata njia rahisi zaidi.

Sasa leza. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Miaka saba baadaye daktari Endre Mester wa Budapest aliwamulika panya walionyolewa manyoya, akitaka kujua kama mwanga huo huleta saratani. Saratani haikutokea, manyoya yakaota upesi kuliko ya panya ambao hawakumulikwa. Ndivyo ilivyoanza tiba ya leza hafifu, ambayo haikati wala haichomi kama leza ya upasuaji. Hutumia mwanga mwekundu, au ule usioonekana kwa macho, wa mawimbi ya nanomita 600 hadi 1000 hivi, unaoweza kupenya ngozi. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mwanga huo hunaswa na kimeng'enya kilichomo kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Seli huchangamka, na kemikali zinazochochea uvimbe hupungua.

Ushahidi upo, ila haulingani. Wenye nguvu zaidi unahusu vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi au dawa kali. Kwa baridi yabisi, mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2005 yaliona nafuu ya maumivu na ya ukakamavu wa viungo asubuhi, lakini ya muda mfupi. Kwa mikono inayovimba baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, jaribio la Australia lililochapishwa 2003 lilionyesha kuwa takriban theluthi moja ya waliopata mizunguko miwili ya tiba walipungukiwa uvimbe miezi mitatu baadaye. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha aina hiyo.

Mkono ule na mguu wa matende vinafanana kwa maji yaliyokosa njia. Kwa mengine vinaachana: mguu wa Bagamoyo umepitia homa nyingi, ngozi imekuwa nene, na bakteria bado wanaingia. Leza haizibi mipasuko ya vidoleni. Kuitanguliza mbele ya usafi wa mguu ni kukosea mpangilio.

Vita dhidi ya matende vina historia nyumbani Tanzania. Marehemu Dk. Mwele Malecela, aliyeusomea ugonjwa huu hadi shahada ya uzamivu London, aliongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha. Mwaka 2000 ugawaji wa kingatiba ulianzia Mafia: ivermectini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, kwa wagonjwa na wazima. Baadaye aliongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, Geneva, hadi alipofariki Februari 2022. Kingatiba hukata maambukizi. Haipunguzi mguu uliokwisha kuvimba. Hapo ndipo usafi unapohitajika: mguu huoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, hukaushwa taratibu hadi katikati ya vidole, mipasuko hupakwa dawa, kifundo huchezeshwa, na usiku mguu huinuliwa. Wanaodumu na utaratibu huu hupatwa na homa zile mara chache zaidi.

Familia ikiamua kujaribu leza juu ya hayo, iende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Macho yavalishwe miwani ya kinga, na mwanga usielekezwe penye saratani. Mguu ukiwa na homa, kwanza ni antibayotiki kutoka kwa daktari.

Na kama nyumbani yupo pia mjomba mwenye busha, yeye hana haja ya taa kabisa. Maji yale huondolewa kwa upasuaji, na Wizara ya Afya imekuwa ikiendesha kambi za upasuaji huo katika mikoa ya pwani. Wanaume wengi hukawia kwa aibu, wengine kwa hofu ya siku watakazokaa bila kwenda baharini. Aliye Muscat anaweza kulibeba hilo la pili: nauli ya hospitali, na chakula cha nyumbani mpaka mjomba apone.