Picha ya Mgongo Inasema Nini?

Ndugu msomaji, labda wewe au mama yako mmepata kurudi kutoka Butembo au Beni na bahasha kubwa chini ya kwapa. Ndani yake mna picha nyeusi ya radio na karatasi moja iliyoandikwa Kifaransa cha waganga. Nauli ya pikipiki imelipwa, picha imelipwa, na mbuzi mmoja hayuko tena zizini. Na mgongo bado unauma. Basi watu wanatujia hapa Luofu, wanainua picha kuelekea dirishani na kuuliza, «Muganga, ugonjwa uko wapi hapa?»

Inafaa tuseme kweli. Mara nyingi ugonjwa hauonekani katika picha, ingawa maumivu ni ya kweli kabisa. Na mara nyingi kile kinachoonekana katika picha sicho kinachouma. Maneno hayo ni magumu kusadiki, kwa hiyo tutayaeleza polepole.

Kwanza ujue radio ni kitu gani. (Wenzetu wa mashariki huiita eksirei.) Mwaka 1895 mwalimu mmoja huko Ujerumani, jina lake Wilhelm Röntgen, aligundua mwanga usioonekana kwa macho, unaopita katika nyama kwa urahisi lakini kuzuiwa na mifupa. Kwa hiyo picha ya radio ni kivuli tu. Ukisimama juani, kivuli chako chaonyesha kama wewe ni mrefu au mfupi. Hakionyeshi kama una njaa. Vivyo hivyo radio huonyesha mifupa, tena vizuri. Misuli haionekani sawasawa, mishipa ya fahamu haionekani, na maumivu hayana kivuli.

Katika uti wa mgongo mna pingili 24, zimepangwa moja juu ya nyingine, nazo zimekaa juu ya mfupa mpana wa nyuma ya nyonga. Zile tano za kiunoni ndizo zinazochukua uzito mwingi. Kati ya pingili na pingili mna kitu kama mto, na waganga hukiita diski. Katika ujana mto huo una maji mengi. Miaka ikipita hukauka, na unakuwa mwembamba. Hiyo ndiyo njia ya miili yote, ya mkulima na ya karani vilevile.

Sasa tusome karatasi yako. Ukiona neno «atrozi», maana yake viungo vya mifupa vimechakaa kidogo. Wakiandika kwamba diski «imebanwa», maana yake ile nafasi kati ya pingili mbili imepungua, kwa sababu mto umekauka. Wakiandika «osteofiti», kingo za mfupa zimeota vinundu vidogo. Wafaransa huviita midomo ya kasuku, na jina hilo limetisha watu wetu wengi mno, kana kwamba kuna ndege anayedonoa ndani ya mgongo. Hakuna ndege. Mfupa umeongeza ukingo wake tu.

Lakini utauliza, kama mifupa imechakaa, si ndiyo sababu ya maumivu? Waganga wengi walifikiri hivyo zamani. Kisha wengine wakafanya jambo la busara. Walipiga picha watu ambao migongo yao haiumi hata kidogo. Mwaka 1994 huko Marekani walichukua watu 98 wasio na maumivu, wakawatia katika mashine iitwayo IRM, ambayo huonyesha diski na mishipa kwa kutumia sumaku kubwa. Katika kila watu 100, ni kama 36 tu waliokuwa na diski safi zote. Waliobaki walikuwa na kasoro, nao hawakujua. Mwaka 2015 wengine walikusanya matokeo ya watu 3,110 wasio na maumivu. Kati ya wenye miaka 20, watu 37 katika 100 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 50 walikuwa 80 katika 100, na wenye miaka 80 walikuwa 96.

Basi mambo hayo ni kama mvi. Mtu mwenye mvi anaweza kuumwa kichwa, lakini hatusemi mvi ndizo zinazomuuma.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa muuguzi kijana, mama mmoja aliniletea karatasi yake. Nikaisoma mbele ya wanawe, nikamwambia, «Mama, mgongo wako umekwisha.» Nilijiona ninajua Kifaransa vizuri siku ile. Mama yule alikwenda nyumbani akaweka jembe chini. Hakulima maharagwe tena, hakuchota maji, alilala mchana kutwa akiogopa kwamba akiinama mfupa utavunjika. Baada ya miaka miwili wanawe waliuza sehemu ya shamba wampeleke kupigwa picha nyingine mbali. Picha ya pili ilisema maneno yaleyale ya kwanza. Lakini sasa miguu yake ilikuwa myembamba, na maumivu yamezidi, kwa maana misuli isiyofanya kazi hudhoofika, na mgongo wenye misuli dhaifu huchoka upesi. Atrozi haikumlaza mama yule. Neno langu ndilo lililomlaza.

Kwa hiyo sisi waganga na tupime maneno yetu tunaposoma karatasi kwa sauti.

Hata hivyo usifikiri nasema picha hazina kazi. Liko kundi dogo la wagonjwa ambao kwao kuchelewa ni hatari, na hao tunawatafuta kwa kuuliza na kugusa, hata kabla ya picha. Kwetu hapa ugonjwa wa kuuogopa kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu hudhani kifua kikuu ni kikohozi tu. Sivyo, kinaweza kula pingili hata kwa mtu asiyekohoa. Mganga Percivall Pott wa London aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1779, zaidi ya miaka mia moja kabla ya radio, naye aliutambua kwa kutazama mgongo uliopinda na miguu iliyolegea. Dalili zake ni hizi: maumivu yasiyopoa hata ukilala, yanayozidi wiki kwa wiki, homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, na baadaye nundu inayoota katikati ya mgongo. Mwanzoni radio inaweza kuonekana safi, kwa sababu mfupa huliwa sana kabla ya kivuli kubadilika. Mtu wa namna hii asitulizwe kwa sababu picha ya kwanza ni nzuri. Na arudi. Dawa zipo, nazo huponya, ila zatakiwa kumezwa miezi mingi bila kukatiza.

Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi wajue pia kwamba iko homa ya wanyama, brusela, inayoshika mgongo na viungo. Chemsheni maziwa.

Tena njoo upesi ikiwa uliwahi kutibiwa saratani, au umeanguka kutoka mtini au garini, au u mzee na maumivu yalianza ghafula baada ya kuinua kitu kidogo tu. Vilevile wale waliomeza muda mrefu vidonge vya dekisa au prednisoloni, vile vinavyouzwa ovyo sokoni ili watu wanenepe. Vidonge hivyo hulainisha mifupa. Na ikiwa miguu inalegea, mkojo hautoki au unatoka wenyewe, au huna hisia sehemu za kukalia, usingoje siku ya soko wala siku ya Jumapili. Njoo usiku huohuo.

Wale ambao maumivu yanashuka mguuni kama moto, mpaka chini ya goti, wana mshipa uliobanwa. Wengi wao hupona kwa majuma au miezi michache bila kupasuliwa, maana diski iliyotoka mara nyingi hunywea yenyewe. Kwa hao IRM yafaa kama mguu unazidi kudhoofika, au kama daktari anafikiri kupasua. Kama hakuna jambo litakalobadilika baada ya picha, ni afadhali fedha zibaki kwa karo ya watoto. Tena radio ya kiuno hutumia mwanga mwingi kuliko ile ya kifua, na mama mwenye mimba aseme mapema.

Na wengine wote, ambao ndio wengi? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri juu ya maumivu ya kiuno yanayozidi miezi mitatu. Lilihimiza mafundisho na mazoezi ya mwili, likakataza mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa uzito. Basi tembea kila siku, hata kama panauma kidogo. Kuuma si kuvunjika. Akina mama wanaobeba viazi kwa kamba ya paji la uso wagawe mzigo mara mbili, na waume zao wakumbuke kwamba chukudu nayo hubeba viazi. Ukipalilia, simama mara kwa mara unyooke.

Usingizi pia ni dawa. Vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, watu wengi walikimbia na mizigo mgongoni, wakalala sakafuni miezi mingi. Watu waliopita katika mambo hayo huumwa zaidi, wala si uongo wao. Hofu na huzuni huzidisha maumivu katika mwili kweli kweli, na radio haiwezi kupiga picha ya hofu. Mtuambie na hayo mnapokuja.

Ukija na picha, muulize anayekusomea: Je, kuna kitu hapa kinachohitaji dawa ya pekee? Je, watu wa umri wangu wasioumwa wanacho pia? Je, naruhusiwa kulima? Usione haya kuuliza mara ya pili. Picha ya zamani usiitupe wala usiikunje, maana tutailinganisha na mpya. Iweke katika bahasha yake mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni, na watoto wasiifanye kioo cha dirisha.