Ua la Msituni Lipendalo Kivuli

Msomaji, labda nyuma ya nyumba yako pana mahali pasipostawi kitu: chini ya mwembe, au kando ya ukuta usiopata jua. Mahindi hayakubali hapo, na sukuma wiki hudhoofika. Basi liko ua la kwetu lipendalo mahali kama hapo. Huitwa violeti ya Afrika. Majani yake yana manyoya laini, na maua ni ya rangi ya urujuani.

Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu. Leo humea madirishani Ulaya na Marekani, na wengi walinunualo hawajui kwamba kwao ni Tanzania na Kenya.

Hapa Kenya humea katika miamba ya chokaa ya Kilifi. Aina nyingine iko katika Msitu wa Mbololo, Taita, wala haijulikani kumea yenyewe po pote pengine duniani. Msitu huo ukiisha, kwao kumekwisha. Kwa hiyo nakusihi usiende msituni na jembe. Kuchukua mimea katika misitu ya serikali au ya kaya bila ruhusa ni kosa. Tena hakuna haja, maana jani moja latosha. Liombe kwa jirani mwenye mmea mkebeni, au nunua mche kwa wauza maua.

Chagua jani lililokomaa lakini si zee. Likate pamoja na kikonyo chake, ukibakiza kikonyo cha urefu wa inchi moja hivi. Changanya mchanga na mboji ya majani, nusu kwa nusu, katika mkebe uliotobolewa chini. Chomeka kikonyo kwa kukiinamisha kidogo, jani lenyewe lisifukiwe. Weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya majuma matatu au manne, na baadaye utaona vijani vidogo vikichungulia chini ya jani mama. Usivitenganishe kwa pupa. Ngoja vipate nguvu ya kushikwa.

Sasa habari ya maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Mimi mwenyewe niliua mitatu ya kwanza kwa huruma, nikiimwagilia asubuhi na jioni. Fikiri jinsi mmea huu unavyokaa kwao: umeshika ufa wa mwamba, penye udongo kiganja kimoja tu, na maji ya mvua hupita yakaenda zake. Hupenda unyevu, lakini mizizi ikikaa majini huoza. Gusa udongo kwa kidole. Ukikauka juu, ndipo umwagilie. Usimwage maji baridi juu ya majani, yatapata madoa.

Ukitaka kuupanda nje, panga mawe kwenye mteremko wenye kivuli, ujaze mboji na mchanga katika nafasi zake. Jua kali huunguza majani, lakini giza nalo halifai: utapata majani mengi bila ua hata moja. Wenzetu wa nyanda za baridi, kama Limuru, na wauweke ndani karibu na dirisha, kwa sababu baridi ya chini ya digrii 15 huudumaza.

Konokono huyapenda sana majani hayo. Watafute usiku kwa taa.