Ndege, Vipepeo na Majira katika Njia za Matiri

Mgeni afikaye Matiri, wilayani Mbinga, mwishoni mwa Septemba, wakati kipupwe kimekwisha na vumbi limetanda njiani, hustaajabu kuona miti ya miombo ikichipua majani mapya, mengine mekundu na mengine ya rangi ya shaba, ilhali halijaanguka hata tone la mvua wala halijaonekana wingu upande wa Ziwa Nyasa. Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mwenyeji wa Kimatengo aliyelelewa katika njia za miguu hana haja ya kuyangoja mawingu, maana majira amekwisha kuyatambua kwa majani, kwa mabawa na kwa sauti.

Mintarafu ya desturi hii, yafaa ifahamike kwamba watu wa huku hawatoki nyumbani kwa kusudi la kutazama ndege, kama wafanyavyo waungwana wa Ulaya wachukuao darubini na daftari. Hutoka kwenda shambani, mtoni, sokoni na misani, na kule kutazama huandamana na safari. Mtoto amfuataye babu yake hupata elimu pasipo ubao wala chaki. Akiuliza, "Babu, yule analia nini?" hatajiwi jina tu, bali huelezwa ndege yule hula nini, huonekana lini, na kilio chake kinampasa mkulima afanye nini.

Aghalabu wa kwanza kutajwa ni dudumizi, akaaye vichakani karibu na mabonde, ambaye husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana, na sauti yake hushuka kwa mapigo ya haraka mfano wa maji yamiminwayo kutoka katika mtungi wenye shingo nyembamba. Akilia mfululizo asubuhi na jioni, wazee huona mvua i karibu, wakawahimiza vijana wamalize kutayarisha mashamba ya mahindi. Kisha huja mbayuwayu kutoka kaskazini, wakipita chini chini juu ya nyasi. Zamani watu wa Ulaya walibishana sana juu ya mahali waendako ndege hawa wakati wa baridi, hata mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwaka 1911 akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, ikawa dhahiri kwamba kiumbe mdogo kama huyo huivuka Afrika nzima.

Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na hapo karamu huwa ya wote: mwewe na keremkerem huwadaka angani, na watoto huwakusanya kwa mabeseni jioni penye taa. Kina mama huwakaanga kwa chumvi bila kutia mafuta, kwa kuwa wadudu wenyewe wana mafuta ya kutosha, kisha huwapepeta kwa ungo hata mabawa yakapeperuka yote. Siku chache baadaye mibuni ya milimani huchanua maua meupe, na nyuki hawana nafasi ya kupumzika.

Vipepeo nao wana mahali pao, napo ni kwenye vivuko vya vijito. Penye tope lililolowa, hasa pale walipopita ng'ombe au mbuzi, hutua makundi ya vipepeo weupe na wa manjano, wamekunja mabawa na kunyoosha mirija yao, wakifyonza chumvichumvi isiyopatikana katika maua. Aghalabu hao ni madume. Mpitaji atiapo mguu majini, huruka wote kwa pamoja na kumzunguka magotini, kisha hurudi palepale kabla hajafika ng'ambo.

Lakini ndege aliyefungamana na binadamu kuliko wote ni mlembe, ndege wa asali. Hukaa tawini akapiga kelele bila kukoma, akichanua mkia wenye weupe pembeni. Ukimkaribia huruka mpaka mti wa mbele na kukungoja, hata akufikishe penye mzinga. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, wataalamu walichunguza ule mwito maalumu ambao warina asali wa Kiyao humwitia ndege huyu, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba mwito huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Adabu yataka mrinaji amwachie mlembe nta na mabuu, naye amnyimaye, husema wazee, safari nyingine ataongozwa kwenye nyoka au chui.

Siku hizi watu wengi husafiri kwa pikipiki, na apitaye kwa kasi hamsikii dudumizi. Hali kadhalika miombo hukatwa kwa mkaa, na mlembe hana pa kumwongoza mtu pasipo miti ya kukalia nyuki. Walimu wetu wangefanya hisani kubwa lau wangewaalika wazee watembee na wanafunzi kwa miguu mara moja kila juma, tangu Septemba hata mvua ishike, na kuandika daftarini tarehe dudumizi aliposikika, mbayuwayu walipowasili na kumbikumbi walipotoka. Baada ya miaka kadhaa, daftari hizo zingemwonyesha mkulima wa Matiri kama majira yake yamehama, na kwa kadiri gani, naye angepanga kupanda kwa ushahidi uliokusanywa na wanawe mwenyewe.