Picha za Wayeye: Nani Atatusomea?

Mwonyeshe mtoto wako wa shule Ngao ya Taifa, umwulize maana yake. Atakutajia mwenge, jembe na shoka, mkuki, hata pamba na karafuu zilizo miguuni pa yule bwana na bibi. Anajua kwa sababu amefundishwa. Sasa mwulize habari za picha walizochora wazee hapa hapa Usukumani, uone kama hatanyamaza.

Wayeye, ndio wale wachezao na nyoka, walikuwa na nyumba za kufundishia wanachama wapya. Ndani yake kuta zilijaa picha za rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi: nyoka, watu, wanyama. Usidhani yalikuwa mapambo tu. Picha ilikuwa kitabu chao. Ilikuwa na hadithi yake na wimbo wake, na asiyeingizwa chamani hakuelezwa. Wala somo halikuwa mchezo, maana chama hiki kilitunza dawa za sumu ya nyoka. Wewe uliyepata kuchuma pamba au kukata nyasi, wajua kwa nini watu hao walibishiwa hodi usiku wa manane. (Siku hizi aliyeumwa apelekwe hospitali upesi, asicheleweshwe.)

Lakini ukuta wa udongo hauishi miaka mingi. Bwana Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia Serikali ya Tanganyika, alizikusanya picha hizo pamoja na maelezo yake, na mwaka 1953 kitabu chake kikatolewa London. Kuta zilianguka, maana ikabaki. Kule Kondoa ni kinyume: michoro imedumu juu ya mawe karne nyingi, UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wataalamu wangali wakibishana juu ya maana yake.

Wayeye hawajaisha. Nenda Bujora, karibu na Mwanza, alikoanzisha makumbusho Padre David Clement, wakati wa Bulabo, sherehe iliyofungamana na Sikukuu ya Ekaristi. Huko ngoma ya nyoka huchezwa mbele ya watu wote. Ila kwa kutazama ngoma hutajua picha zilisema nini. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, keti naye jioni hii. Huenda akakataa, kwa kuwa siri ya chama ni siri. Akikubali, akaanza kukuchorea mchangani kwa kidole, usifute kabla hujanakili katika daftari.