Wiki 741 Kwenye Chati: Rekodi za Santuri Moja ya Pink Floyd

Machi 1973, bendi ya Uingereza iitwayo Pink Floyd ilitoa The Dark Side of the Moon, albamu ya roki ya progresivu yenye urefu wa dakika 43 hivi. Rekodi zake zafaa kukumbukwa, kwa sababu nyingi zimetokana na kudumu.

Iliyodumu kuliko zote. Kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani ilikaa wiki moja tu. Uingereza, kwao, iliishia nafasi ya pili. Lakini kati ya 1973 na 1988 ilitimiza wiki 741 kwenye chati ile ya Marekani, na ukijumlisha miaka iliyofuata zimepita 900. Hakuna albamu nyingine iliyokaa wiki nyingi zaidi kwenye chati hiyo.

Iliyouzwa zaidi kwa bendi hiyo. Inakadiriwa kuwa nakala zaidi ya milioni 45 zimeuzwa duniani.

Mapigo yaliyotoka mahali pa ajabu zaidi. Wimbo "Money" unaanza kwa mlio wa sarafu, karatasi zinazochanwa na mashine ya kuhesabia pesa dukani. Roger Waters wa bendi hiyo alirekodi sarafu akizitupa ndani ya bakuli. Vipande vya mkanda vikapimwa kwa rula, vikakatwa na kuunganishwa kuwa duara la mapigo saba. Kompyuta haikuhusika: ni wembe, gundi na masikio.

Malipo madogo kwa sauti kubwa. Mwimbaji Clare Torry aliitwa studio za Abbey Road Jumapili moja ya Januari 1973. Hakupewa shairi la kuimba. Akapaza sauti yake juu ya piano ya Richard Wright wa bendi hiyo, akalia na kunong'ona bila neno hata moja, akalipwa pauni 30. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata pande zote zikapatana, na sasa anatajwa kuwa mtunzi mwenza wa "The Great Gig in the Sky". Haki ilichelewa miaka zaidi ya 30, lakini ilikuwa yake tangu siku ile.

Jalada linalotambulika upesi zaidi. Halina jina la bendi wala la albamu. Kampuni ya kubuni majalada ya Hipgnosis ilileta michoro kadhaa, bendi ikachagua mche wa kioo unaopasua mwanga. Rangi zilizochorwa ni sita, nili haimo.

Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliichagua albamu hii iingie kwenye hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Siri ya udumifu huo ni kazi. Kabla santuri haijafika dukani, bendi ilikuwa imeupiga mkusanyiko wake wa nyimbo jukwaani mwaka mzima wa 1972, ikirekebisha mbele ya watu. Na ilichoimba ni muda, pesa, kifo na wazimu, mambo ambayo kila kizazi hukutana nayo upya.