Hexham: Mji wa soko uliojengwa kwa mawe ya Warumi

MJI wa Hexham, katika kaunti ya Northumberland kaskazini mwa Uingereza, hauna majumba marefu ya kujivunia. Una uwanja wa soko, kanisa kubwa la kale na gereza la mawe la miaka ya 1330, linalotajwa kuwa jengo la kwanza nchini humo kujengwa mahsusi kwa ajili ya kuwafungia wahalifu.

Wageni wengi hufika hapa kwa sababu ya Ukuta wa Hadrian, unaopita kilomita chache kaskazini mwa mji. Ulianza kujengwa mwaka wa 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian, ukakata nchi kutoka pwani moja hadi nyingine, umbali wa kilomita 117 hivi.

Hata hivyo, anayeukimbilia ukuta na kuupa mji kisogo hukosa mengi. Askofu Wilfrid alipolijenga kanisa la Hexham karibu mwaka wa 674, mafundi wake hawakuhangaika kuchonga mawe mapya. Waliyabeba kutoka magofu ya Warumi yaliyokuwa jirani huko Corbridge. Ukishuka ngazi nyembamba hadi chumba kilicho chini ya sakafu, utayaona yangali na nakshi zake.

Jiwe mojawapo lina maandishi yanayomtaja Kaisari Septimius Severus, Mwafrika aliyezaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya. Wametajwa pia wanawe, Caracalla na Geta, ila jina la Geta limekwanguliwa. Severus alifariki mjini York mwaka wa 211. Kabla ya mwaka huo kwisha, Caracalla alimuua nduguye na kuamuru jina lake lifutwe kote katika dola. Patasi ilifika hata kwenye pembe hii ya baridi.

Magharibi mwa Hexham iko ngome ya Vindolanda. Kuanzia mwaka wa 1973, wachimbuzi wamefukua huko vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja ni mwaliko wa siku ya kuzaliwa, ambao Claudia Severa alimpelekea rafikiye Sulpicia Lepidina karibu mwaka wa 100. Vibao hivyo havikuoza kwa kuwa udongo ulilowa maji na kukosa hewa. Hofu ya wataalamu sasa ni kwamba mabadiliko ya tabianchi yanaukausha udongo wa aina hiyo, hususan katika ngome ya Magna iliyo karibu.

Wapendao kutembea wana njia rasmi ya kilomita 135 iliyofunguliwa mwaka wa 2003. Sehemu yenye mandhari bora zaidi iko juu ya majabali karibu na ngome ya Housesteads. Si mbali na hapo ndipo uliposimama mti maarufu wa Sycamore Gap, uliokatwa usiku mmoja Septemba 2023. Wanaume wawili walifungwa gerezani kwa kosa hilo mwaka wa 2025, na kisiki kimeshachipua.

Lakini nyayo za wapenzi wa ukuta nazo huudhuru. Wageni huombwa wasiupande, na wakati ardhi imelowa watembee sambamba badala ya kufuatana, ili nyasi zisichakae na kuyaacha wazi mabaki yaliyofukiwa chini yake. Mihuri ya kumbukumbu wanayopigiwa wanaokamilisha safari hutolewa kati ya Mei na Oktoba pekee, kusudi watu wasivutiwe kwenda majira ya matope.